Simu Inayojulia Hali

Kama umeambiwa juzi kwamba moyo wako umepanuka, najua unachofanya sasa. Umeweka mkono kifuani unausikiliza. Usione haya, wote tulifanya hivyo. Mimi niliusikiliza mpaka nikaogopa kupata usingizi, nikidhani nikiacha kuusimamia utaacha kazi. Naandika haya nikiwa hai, mwanangu Imelda ananivuta sketi anataka ugali, kwa hiyo soma bila haraka. Sitakueleza moyo unavyosukuma damu, wako waliosomea hayo na mimi sikuwaelewa vizuri. Nitakueleza hofu ilivyo, na jinsi nilivyotengeneza programu ya simu ya kutulinda sisi wagonjwa, kisha ikawa inatuambia tuko salama wakati tunazama.

Naitwa Adelina. Nimezaliwa Mwazye, nimeolewa Sumbawanga mjini, na kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya maduka na vyama vya wakulima. Ni kazi ya kukaa, na mtu anayekaa kutwa hajui mapema kwamba pumzi zimempungua. Imelda alizaliwa masika yamekolea, barabara ya kwetu tope tupu. Kufika wakati wa kuvuna mahindi miguu yangu ilikuwa imevimba. Nikibonyeza kidole kwenye ugoko, kishimo kinabaki pale pale.

Walisema ni uzazi. Walisema ni baridi, na kweli baridi ya kwetu mwezi wa sita haina adabu. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alinikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji wa ulezi, na mimi nikawa navimba na uji wangu. Kulala chali sikuweza. Nikijinyoosha tu, kifua kinajaa. Nyumba ilikuwa na magunia ya mahindi mpaka sebuleni, nikahamia huko nikawa nalala nimeegemea gunia. Mume wangu Fulgence, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache, alidhani nimemnunia. Asubuhi moja nilitoka chooni kurudi ndani, nikasimama katikati ya uwanja nikashindwa kuita. Mdomo ulifunguka, sauti haikuja. Fulgence alitoka kupiga mswaki akanikuta nimeshika kamba ya nguo, midomo imebadilika rangi. Aliazima gari la jirani akiwa bado na povu mdomoni.

Wodini walinipa sindano za kutoa maji. Kama bado hujazionja, nakuonya: usiende mbali na choo, na ukiwa na aibu iache nyumbani. Maji yalitoka siku baada ya siku mpaka mifupa ya uso ikarudi. Nilijitazama kwenye kioo cha simu nikaona mwanamke mwembamba, mashavu yameingia, macho makubwa. Nilikuwa nimezoea kujiona nimenenepa, kumbe yote yale yalikuwa maji.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Aliniambia dawa ni kila siku bila kukosa. Aliniambia chumvi basi, na maji ya kunywa kwa kipimo. Aliniambia nisibebe mimba nyingine. Nilikuwa naitikia tu kwa kichwa kama mwanafunzi. Halafu akafunga faili akasema la mwisho.

"Maji yatataka kurudi, mama. Yakirudi tukayaona mapema, tunayatoa. Yakikaa mwilini bila mtu kujua, safari ya pili siwezi kukuahidi."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo na hayajawahi kuniacha. Kila asubuhi kabla ya kumtazama mtoto nilitazama miguu. Nilikuwa naogopa soksi zangu mwenyewe, alama ile ya lastiki, leo imezidi ya jana au ni ile ile. Fulgence naye akawa askari wa maji ya kunywa, ananipimia kwa kikombe cha plastiki, tukagombana kwa ajili ya funda moja. Kuhusu mimba, yeye alisema sawa, akatoka nje. Ni mtoto wa kiume pekee kwa mama yake, na mimi nilikuwa nimezaa wa kike mmoja. Mama mkwe alipoambiwa hakusema neno. Alichukua ufagio akafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Niliogopa ule ukimya karibu kama nilivyoogopa maji. Lakini jioni ile mboga ilikuja haina chumvi, na kesho yake pia, na nikagundua kwamba ameiondoa kwenye sufuria ya nyumba nzima. Migebuka mikavu, samaki wa chumvi kutoka ziwani, anayoipenda kuliko chochote, aliipeleka kwa jirani. Hakuniambia kwa nini. Nilikula maharage yale yasiyo na ladha huku machozi yananitoka, na hayo ndiyo yaliyotia chumvi kidogo.

Kliniki yetu ya moyo ina mabenchi ya mbao chini ya kibaraza, na upepo unapita hapo kama una miadi na daktari. Tunakaa tumejifunika mablanketi. Pale nilimjua Yustina, mfanyabiashara wa mahindi wa Laela, mwanamke wa kelele na kicheko ambaye alikuwa akija na basi la alfajiri. Pale nilimjua pia Mzee Kastori wa Mollo, mkulima, macho yake yana mtoto wa jicho na kusoma hakuwahi kusoma. Alikuwa na kofia ya sufu ambayo aliivua kwa kila anayemsalimia, hata wauza karanga.

Kwenye benchi lile tuliambiana kila kitu. Yustina alisema viatu vinambana kufikia saa nne. Mzee Kastori alisema akipanda kimlima cha kutoka shambani anasimama kutazama mazao ambayo hayapo, ili watu wasijue kwamba anatafuta pumzi. Tulicheka mpaka nesi akatutazama. Kisha mmoja mmoja akaingia kwa daktari, daktari akauliza unaendeleaje tangu tulipoonana, na mmoja mmoja akajibu anaendelea vizuri. Hata mimi. Ndani ya chumba kile kichwa kinakuwa cheupe. Unasahau wiki zote zilizopita, unakumbuka leo tu, na leo umevaa vizuri.

Hapo ndipo nilipopata wazo, nikiwa bado nimeshika kitasa cha mlango. Kama mtu angekuwa anaulizwa kila asubuhi, kwake, kabla hajavaa vizuri, majibu yangekaa mahali, na daktari asingehitaji kumbukumbu zetu mbovu. Nesi Agripina, anayesimamia kliniki, alilipenda wazo. Nilikwenda nyumbani nikaanza kazi siku hiyo hiyo. Nilitaka kitu cha kushika, nisikae tu nikitazama soksi.

Programu ya kwanza ilikuwa nzuri na haikufaa mtu. Ilikuwa ya simu kubwa, ina picha, ina michoro ya rangi. Nilipoipeleka kwenye benchi, Yustina alitoa kitochi chake, kisimu cha vitufe kilichofungwa kwa raba. Mzee Kastori aliishika simu yangu karibu na pua, akaipongeza, akanirudishia. Mwingine vidole vyake vilikuwa vimevimba, akigusa herufi moja zinakuja tatu. Nikaanza upya. Kwa wenye simu kubwa niliweka vitufe vinavyotosha kidole kizima na sauti ya kusoma kila neno. Kwa wengine wote, programu inapiga simu yenyewe. Simu inaita asubuhi, unapokea, sauti inakuuliza, unabonyeza namba. Kiswahili au Kifipa, uchague. Nesi Agripina anaona majina kwenye simu yake: kijani mtu yuko sawa, njano afuatiliwe, nyekundu aletwe.

Uzito ulitusumbua. Maji yakirudi, mizani inajua kabla ya miguu, lakini nani ana mizani ya kupimia watu nyumbani? Yustina ndiye aliyesema anasimama juu ya mizani yake ya magunia pale ghalani, vijana wanasoma. Basi tukakubaliana kila mtu atafute mizani ya mahindi iliyo karibu naye. Kwetu haikosekani. Mimi nilikuwa naenda kwa jirani mnunuzi wa nafaka, nasubiri zamu yangu kati ya gunia na gunia.

Sauti nilimwomba mama mkwe. Anazungumza Kiswahili kilichonyooka na Kifipa cha wazee, na watu wakimsikia wanatulia. Tulijifungia chumbani nikamsomea maneno ya kurekodi: Miguu imevimba? Kama ndiyo bonyeza moja. Alinitazama kama nimemtukana.

"Yaani nimpigie mtu mzima asubuhi, nianze na miguu yake?"

Nilimwambia ni mashine, mama, si wewe.

"Sauti ni ya nani?"

Tukaanza na salamu, kama alivyotaka. Habari za asubuhi, ndugu yangu, umeamkaje? Kama ni nzuri bonyeza moja, kama ni wastani bonyeza mbili, kama ni mbaya bonyeza tatu. Mwenye mbili au tatu anaendelea kuulizwa miguu, pumzi, mito anayolalia na uzito. Mwenye moja anaombewa baraka na simu inakatika. Hilo la kukata nilifanya kwa huruma. Mtu ameamka salama, kwa nini umsumbue na maswali ya ugonjwa?

Ilianza kupiga wakati wa upepo wa mwezi wa nane. Watu waliipenda kupita nilivyotegemea. Wengine waliniambia wanaingoja. Mke wa Mzee Kastori, Bibi Veneranda, alituhadithia kliniki kwamba simu ikiita mzee anakaa vizuri, anavua kofia, anaitikia kwa sauti kubwa, salama mama, ndipo anabonyeza. Tulimtania kwamba ameoa mke wa pili wa kwenye simu. Nesi Agripina alituonyesha majina, kijani kutoka juu hadi chini, wiki baada ya wiki. Alisema dawa zinafanya kazi. Tulifurahi. Ile rangi ya kijani nilikuwa naifungua mara kwa mara kuitazama, hasa ya jina langu, kwa sababu na mimi nilijisajili.

Mvua zikaanza. Sasa nitakueleza jambo ambalo hata leo linanitia baridi. Mvua za kwanza, nilianza kuongeza mto. Kisha nikaongeza wa pili. Kufua nikampa msichana wa jirani, nikajiambia ni tope. Kwenda kwenye mizani ya jirani nikaacha, nikajiambia ni mvua. Na kila asubuhi simu iliita, nikajiweka kanga vizuri, sauti ya mama mkwe ikaniuliza nimeamkaje, na mimi nikabonyeza moja. Sikusita hata siku moja. Mimi niliyeitengeneza, niliyejua kila mstari wake, nilibonyeza moja kisha nikafungua programu kuona jina langu ni kijani, nikatulia kwamba sijambo. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba nilihitaji mtu aniambie niko sawa, na mtu huyo nikamtengeneza mwenyewe.

Nesi Agripina alinipigia simu mchana mmoja nikiwa nambadilisha Imelda nepi. Mzee Kastori amefariki. Nilimwomba asubiri, nikafungua programu. Jina lake lilikuwa kijani. Alikuwa amebonyeza moja asubuhi ile ile.

Nilimwuliza Agripina kama ni kosa langu. Alisema mzee alikuwa mgonjwa sana na moyo ukiamua umeamua, nisijibebeshe. Lakini sauti yake ilikuwa inapwaya, na mimi pini ya nepi ikanidondoka. Kilichonishika, nitakiri, hakikuwa huzuni peke yake. Nilitazama jina lake la kijani, nikatazama langu la kijani, na sikuona tofauti.

Kesho yake nilikwenda Mollo kwenye mazishi. Kulikuwa na manyunyu yale ya kwetu yasiyokatika. Wanaume walikuwa nje kwenye moto, wanawake ndani kwenye mikeka, na mimi na mabuti yangu ya mvua niliyoyavaa kwa tabu tukakaribishwa. Nilifika mbele ya Bibi Veneranda nikapiga magoti, nikashikwa na kizunguzungu, na maneno ya pole yakanipotea. Yakatoka yale ambayo mdomo umezoea. Shikamoo bibi, habari za hapa?

"Nzuri, mwanangu," akasema. Akanishika mkono. "Ila mzee ametuacha."

Hakuna aliyeona kitu. Ndivyo tunavyojibu wote. Nyumba ikiungua ni nzuri, ila tumeunguliwa. Mtoto akilazwa ni salama, ila tuna mgonjwa. Kwanza unampa mwenzio salamu yake, maana ni haki yake, kisha ndipo unafungua mzigo. Nilibaki nimeshika mkono wa yule bibi nikielewa kwamba programu yangu ilikuwa inapokea salamu na kukata simu. Haikumngoja mtu afike kwenye ila.

Nilimwuliza, sikujua kama ni adabu kuuliza pale, mzee alikuwaje siku za mwisho. Akanieleza polepole. Tangu mvua zianze alikuwa analala kwenye kiti. Miguu ilikataa viatu, akawa anavaa kandambili shambani. Nilimwuliza kwa nini basi hakubonyeza tatu.

Alinishangaa. "Mwanamke wa watu anakusalimia asubuhi kwa heshima, utamjibu mbaya?"

Nilirudi nyumbani kwa bajaji nimejikunja kwenye kona. Kila shimo barabarani lilinikata pumzi. Nilikuwa nawaza kiti cha Mzee Kastori na mito yangu. Nilikuwa nawaza maneno ya daktari, maji yakikaa mwilini bila mtu kujua. Na mimi nilijua, nilikuwa nimejua wiki zote zile, ila hakuna aliyekuwa ameambiwa.

Mama mkwe alikuwa barazani na Imelda mgongoni. Nilikaa kwenye ngazi kuvua mabuti, yakagoma. Alimweka mtoto chini, akapiga goti kwenye matope, akashika kisigino cha buti akavuta. Mkwe wangu, amepiga goti mbele yangu. Nikataka kuyeyuka kwa aibu.

"Umeshindaje huko?" akaniuliza huku anavuta.

"Nzuri, mama."

Buti likatoka. Angeondoka nalo kwenda kulikung'uta, kama si mimi kuishika kanga yake. Mdomo ulikuwa mzito kuliko siku ile nilipokosa sauti uwanjani. Nilikuwa naogopa kwamba nikisema, itakuwa kweli.

"Ila silali chali tangu mvua zianze," nikasema. "Ila nimeacha kwenda kwenye mizani kwa sababu naogopa kuisoma. Ila pumzi sina, mama. Nakufa."

Alibonyeza dole gumba kwenye ugoko wangu akalitoa, tukakitazama kile kishimo wote wawili. Kisha akainuka na kumwita mwanawe kwa jina lake lote la ubatizo, na Fulgence akaja mbio bila kuuliza.

Wodi ilikuwa ile ile na sindano zile zile, lakini hofu haikuwa ile. Mara ya kwanza sikujua naugua nini. Safari hii nilijua kila kitu. Nilikuwa na bomba la hewa puani, natazama tone linavyoshuka, na kila tone nikiliomba lifanye haraka. Niliogopa kufumba macho. Niliogopa Fulgence akitoka. Mama mkwe alimleta Imelda dirishani kwa nje, akamwinua anione, na mtoto alicheka akagonga kioo, na mimi niliogopa kwamba hilo ndilo atakalomkumbukia mama yake, au hata hilo hatalikumbuka. Sitakudanganya kwamba niliomba kwa imani. Niliomba kama mtu anayegonga mlango uliofungwa. Daktari yule wa sauti ya chini alikuja asubuhi ya tatu, akabonyeza miguu, akasikiliza mgongo.

"Umewahi," akasema. "Kwa kidogo sana, lakini umewahi."

Niliporuhusiwa sikungoja nipate nguvu. Nilisimamisha programu, nikamketisha mama mkwe tena chumbani. Salamu hatukuiondoa, asingekubali na mimi nisingetaka. Tuliondoa zile namba tatu za hali. Sasa sauti inasalimia, inangoja uitikie unavyojua kuitikia, inashukuru. Kisha inasema neno moja: Ila? Mama mkwe alilisema mara moja tu na halikuhitaji kurudiwa. Alilisema kama mgeni aliyeshaweka kapu chini na hana mpango wa kuondoka. Baada ya hapo ni kimya, na wewe unaongea kwa lugha yako, kwa muda wako. Nesi Agripina anasikiliza. Swali la mizani linakuja kwa kila mtu, awe mzima au mgonjwa.

Wiki ya kwanza wengine walisema nzuri, wakakaa kimya, wakakata. Kisha ila zikaanza kuja. Mimi na Agripina tulikaa tukisikiliza, na hakuna hata mmoja aliyesema nimevimba au nakosa pumzi, yale maneno niliyokuwa nimeyaweka kwenye maswali yangu. Ila siku hizi nachota nusu ndoo. Ila kanisani nakaa karibu na mlango. Ila mjukuu ananiacha nyuma. Katikati ya hayo ikaja sauti ya Yustina wa Laela, bila kicheko. Alisema nzuri. Akakaa kimya mpaka tukadhani amekata. Akasema, ila leo vijana wa ghalani wamenipima, wakadhani mizani imeharibika.

Agripina alimpigia hapo hapo. Alifika na basi la kwanza, amevaa kandambili na kanga mbili, na alilazwa kabla hajamaliza kueleza. Alitoka akiwa mwembamba na mwenye kelele zake zote. Sasa mwulize ni nani aliyeokoa maisha yake, atakuambia ni ile mizani yake.

Mimi bado ni mgonjwa, na wewe huenda utabaki kuwa mgonjwa, tusidanganyane. Nilipimwa tena Mbeya, moyo umerudi kidogo, si wote. Dawa nameza. Mtoto mwingine sitazaa, na Fulgence ameacha kutoka nje tukiongelea hilo. Kuna siku nzima napita bila kuweka mkono kifuani. Kuna siku nyingine hofu inakuja bila sababu yoyote, miguu ikiwa mikavu, mizani ikiwa pale pale, nalala vizuri kabisa, na bado nahisi kama kuna mtu amesimama nyuma yangu.

Juzi ilikuwa siku ya namna hiyo. Simu iliita asubuhi nikiwa kitandani. Mama mkwe alikuwa chumbani kwangu, amekaa kwenye kigoda anachambua maharage kwenye ungo, maana chumba changu ndicho kinachopata jua mapema. Sauti yake ikatoka kwenye simu ikanisalimia. Nikaitikia nzuri. Ikashukuru. Ikauliza, ila?

Hakuna kitufe cha jambo lile wala sikuwahi kukitengeneza. Uzito wangu ulikuwa sawa, pumzi ilikuwa sawa. Ningeweza kukata.

"Ila naogopa," nikaiambia simu.

Simu ilingoja muda wake, ikanitakia baraka, ikakatika. Mama mkwe alikuwa ameacha kuchambua. Hakunitazama. Aliongea na maharage.

"Mimi kila nikiamka kwanza nakuja hapo mlangoni nasikiliza kama unapumua," akasema. "Ndipo naenda kuwasha moto."

Nilikuwa sijui. Nimeishi na mwanamke huyu miaka, nimemrekodi sauti, nimelala wodini yeye akinishikia mwanangu, na nilikuwa sijui. Nilijisogeza ukutani nikamwachia nafasi. Aliuweka ungo chini, akavua kandambili, akapanda akalala kando yangu na kitenge chake chenye maganda ya maharage, tukakaa hivyo mpaka Imelda alipoanza kulia njaa.